Kufuli Lako, Ufunguo Wako

Ukurasa wa Usalama na Afya

Kila mfanyakazi anaijua sheria ya kufuli. Kabla fundi hajaingiza mkono ndani ya masini, anakata umeme, anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, kisha anatia ufunguo mfukoni mwake. Hamwachii kapita ufunguo ule, wala hampi rafiki amshikie. Kama watu watatu wanatengeneza mkanda mmoja wa kubebea mawe, makufuli ni matatu na funguo ni tatu. Sababu yake tunaijua sote: mwenye kushika ufunguo ndiye mwenye kushika uhai wa yule aliye ndani.

Leo kila mmoja wetu anabeba masini nyingine mfukoni, nayo pia ina kufuli. Masini hiyo ni telefone. Ndani yake mna franga za nyumba, picha za watoto, nimero za ndugu, na maneno ambayo mtu hapendi yasomwe njiani. Ofisini na shuleni kuna masini kubwa zaidi ya namna hiyo, kompyuta, ile ambayo watu wengi wa Lubumbashi wanaiita ordinateri. Jambo la kushangaza ni hili: mtu ambaye hawezi kumpa kapita ufunguo wa kufuli lake anampa mgeni kode yake ya siri kwa telefone, tena kwa dakika mbili tu.

Wengine watauliza: ukurasa huu unasema juu ya kofia, vumbi, malaria na maji safi, habari ya telefone inaingia namna gani? Inaingia hivi. Mtu aliyeibiwa mshahara wake usiku hapati usingizi. Asubuhi anashuka kazini na kichwa kizito, macho yako kwenye jiwe lakini mawazo yako nyumbani: bibi atanunua unga na nini, mtoto ataingia shuleni na nini, dawa italipwa na nini. Mtu wa namna hiyo hasikii kengele ya hatari kwa wakati. Wizi wa telefone unaweza kumaliza safari yake kwenye dispensari.

VIRUSI VYA KOMPYUTA NI NINI?

Kwanza tuelewane. Virusi vya kompyuta havimshiki mtu. Si wadudu, hata darubini ya laboratwari haiwezi kuvionyesha. Ni maandishi tu, ni amri zilizoandikwa na mtu mwenye nia mbaya, na kompyuta inazifuata kama mfanyakazi mtiifu asiyejua aliyemtuma. Vinaitwa virusi kwa sababu vinajiongeza na kuhama: kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya intaneti, au kwa ile flashi ndogo tunayoichomeka ili kupeleka barua na picha.

Mtu akienda kwenye kibanda cha kuchapisha barua pale mjini, akachomeka flashi yake ndani ya kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za watu 50 siku ile, afikirie sindano moja iliyotumiwa kwa watu 50. Mwaka 2008 virusi vilivyoitwa Conficker vilianza kuenea duniani, na njia moja waliyoipitia ilikuwa ni flashi hizo hizo. Mwaka 2010 vikagunduliwa vingine, Stuxnet, vilivyotengenezwa ili kuharibu masini za kiwanda cha nyuklia cha Natanz, nchi ya Iran. Wataalamu wanaona ya kuwa flashi ilisaidia kuvifikisha kwenye kompyuta ambazo hazikuunganishwa na intaneti. Basi flashi si kitu cha kuokota chini na kuchomeka ili kuona kilichomo.

HOSPITALI ZILIZOFUNGWA MILANGO

Kwa sisi wa kazi ya afya, mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari yenyewe. Tarehe 12 Mei 2017, siku ya Ijumaa, virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga maandishi yote yaliyomo, kisha vikaandika kwenye kioo: lipa dola 300, ama hutayaona tena.

Nchini Uingereza hospitali nyingi zilipatwa. Waganga hawakuweza kufungua karatasi za wagonjwa, kuona picha za mifupa, wala kujua nani amepangiwa kupasuliwa. Magari ya wagonjwa yalirudishwa njiani na kupelekwa hospitali nyingine. Ilikadiriwa ya kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa.

Sasa sikilizeni sana. Ule mlango ambao virusi vilipitia ulikuwa umekwisha kujulikana. Kampuni ya Microsoft, yenye kutengeneza programu ya Windows, ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Kiraka kilikuwa cha bure kwa kompyuta zilizotumia Windows ambazo kampuni bado ilizitunza. Lakini katika ofisi nyingi hakuna aliyekitia. Ni kama mtu aliyeonyeshwa tundu la nyoka mlangoni, akapewa na jiwe la kuliziba, akaweka jiwe pembeni akisema: nitafanya kesho.

MABISHANO YA VIJANA, NA MAJIBU YAKE

Mahali popote penye vijana wapendao kompyuta, Kamalondo, Katuba au Ruashi, utasikia mabishano. Mmoja anasema hili, mwingine anasema lile, na kila mmoja anasema amelisoma kwenye intaneti. Mzazi akiwasikiliza anatoka na kichwa kinachouma. Tuchukue mabishano manne, moja baada ya lingine.

La kwanza: Je, tusasishe programu mara moja, au tungoje?

Kusasisha ni kule kutia kiraka. Telefone za hapa kwetu zinakiita kwa Kifaransa “mise à jour”. Kijana mmoja anasema: “Mimi sikubali, inakula mega zangu zote.” Mwingine anasema: “Mtu asiyesasisha ni mtu asiyefunga mlango.”

Wote wawili wana sababu. Mega ni franga, na umeme nao unakatika kazi ikiwa nusu. Tena kiraka chenyewe kinaweza kuwa kibovu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, yenye kuuza programu ya kulinda kompyuta, ilituma kiraka chenye kosa. Kompyuta karibu 8,500,000 za Windows zilizimika. Ndege zilibaki chini, benki na hospitali zikasimama. Havikuwa virusi, wala hakuwa mwizi. Ni mlinzi aliyemwangukia mwenye nyumba.

Tufanye nini basi? Tupime hatari mbili. Kiraka kibovu kinasimamisha kazi siku moja au mbili, kisha kinaondolewa. Mlango ulioachwa wazi unamngoja mwizi mwaka mzima. Kwa telefone ya nyumbani, jibu ni kusasisha. Kama mega ni shida, fungua sehemu ya mipango ya telefone, chagua isasishe wakati wa wifi tu, kisha iachie mahali penye wifi unayoiamini, na betri ikiwa imejaa. Kwa kompyuta za ofisi, mafundi wanaojua kazi wanajaribu kiraka kwenye masini chache kwanza, kisha wanakitia kwenye nyingine zote. Kungoja siku chache kwa kujaribu ni hekima. Kungoja bila mwisho ni uvivu.

Na mtu mwenye kompyuta ya zamani ajue jambo hili: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Masini bado inawaka, lakini viraka vya kawaida haviji tena. Amuulize fundi njia ya kufuata.

La pili: Je, tubadilishe neno la siri kila mwezi?

Hapa hata wakubwa wa kazi hii wamebadilisha mafundisho. Mwaka 2003 fundi mmoja wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, jina lake Bill Burr, aliandika mashauri yaliyofuatwa na ofisi nyingi duniani: neno la siri liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na libadilishwe mara kwa mara. Mwaka 2017 taasisi ile ile ilitoa mashauri mapya ambayo hayaamuru tena kubadilisha kwa kalenda, na Burr mwenyewe akasema mbele ya waandishi wa habari ya kuwa anajutia mengi ya yale aliyoyaandika.

Sababu ni nini? Ni tabia ya mtu. Ukimlazimisha kubadilisha kila mwezi, anaongeza tarakimu moja mwishoni: Mwamba1, Mwamba2, Mwamba3. Au anaandika neno kwenye karatasi na kuibandika kwenye meza. Mwizi anayajua yote hayo.

Basi neno zuri ni neno refu. Chukua maneno manne yasiyokuwa na undugu, ambayo wewe mwenyewe utayakumbuka bila kuandika, kama vile mhogo, ngazi, jumanne na kinanda, ukayafunga pamoja. Usitumie maneno haya tuliyoyaandika hapa, kwa kuwa yamekwisha kusomwa na watu wengi. Usitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Neno la barua lisiwe ndilo la benki, maana mwizi akipata moja atalijaribu kwenye milango yote. Badilisha siku unapohisi ya kuwa mtu amelijua. Siku hiyo usingoje hata saa moja.

La tatu: Programu gani ni salama zaidi, ya wazi au ya kufungwa?

Hili ndilo bishano kubwa kuliko yote. Kuna programu ambazo maandishi yake ya ndani yanafichwa na kampuni, kama Windows. Kuna nyingine ambazo maandishi yake yako wazi, kila fundi duniani anaweza kuyasoma na kuyatengeneza. Iliyo mashuhuri ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Finland. Moja ya namna za Linux imepewa jina la Kiafrika, Ubuntu. Ilianza mwaka 2004 kwa kazi ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Wala tusifikiri ni jambo la mbali: Android, ile iliyo ndani ya telefone nyingi za hapa kwetu, imejengwa juu ya Linux.

Wapenzi wa programu ya wazi wanasema: macho mengi yanaona kosa mapema. Wapinzani wanasema: kitu cha watu wote hakina mlinzi. Matukio yanawapa wote nusu ya haki. Mwezi wa Aprili 2014 lilitangazwa kosa liitwalo Heartbleed katika programu ya wazi ya kulinda siri za intaneti. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 2012, na macho mengi yalipita juu yake. Lakini mwezi wa Machi 2024 fundi Andres Freund aliona ya kuwa kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa nusu ya sekunde kuliko kawaida. Hakupuuza. Alitafuta, akakuta mtu amejifanya msaidizi mwema kwa miaka zaidi ya miwili ili apachike mlango wa siri ndani ya programu ya wazi iitwayo xz. Mlango ulizibwa kabla haujaenea mahali pengi. Kama maandishi yangefichwa, angetafuta wapi?

Kwa mfanyakazi na jamaa yake, swali si wazi ama kufungwa. Swali ni: programu hii imetoka wapi, na nani anaitunza? Programu ya kweli iliyochukuliwa mahali pake pa haki ni bora kuliko ile ile iliyokopiwa kwa rafiki, ambayo hujui nani ameitia mkono. Vijana wanapeana ile WhatsApp ya bandia, GBWhatsApp, kwa sababu ina rangi nyingi na inaficha mambo. Haikutengenezwa na wenye WhatsApp, nao wenyewe wanaikataza na wanaweza kumfungia anayeitumia. Nani ameona kilichomo ndani yake? Ni kama kumeza kidonge kisicho na jina, kilichouzwa kwa kuhesabu juu ya kikapu.

La nne: Je, WhatsApp inasikilizwa?

Tangu mwezi wa Aprili 2016 maneno ya WhatsApp yanafungwa njiani, yaani aliye katikati hawezi kuyasoma. Watu wakafurahi. Mwezi wa Januari 2021 kampuni ilipotangaza masharti mapya, watu wengi duniani walikasirika, wengine wakahamia Signal na Telegram. Mabishano hayo bado yanaendelea.

Lakini tuseme wazi: kufunga barua njiani hakusaidii kama mtu ameingia nyumbani mwa mwandishi. Mwizi wa kwetu havunji siri za njiani, ni kazi ngumu mno. Anaomba ufunguo, naye anapewa.

MWIZI ANAVYOOMBA UFUNGUO

Franga za telefone zimetusaidia sana. Nchi ya Kenya ilianza M-Pesa mwezi wa Machi 2007; hapa kwetu Kongo ilifika mwaka 2012. Leo mama wa Kolwezi anaweza kumtumia mtoto wake wa Lubumbashi karo ya shule bila kupanda gari. Basi mwizi naye ameacha barabara, amefuata franga mahali zilipo. Hizi ndizo njia zake:

1. Anajifanya mtu wa kampuni ya telefone. Anasema: “Nimero yako itafungwa leo, nipe kode tuitengeneze.” Anajua jina lako, basi unaamini. Hakuna mfanyakazi wa haki anayehitaji kode yako.

2. Anasema amekutumia franga kwa makosa, na ujumbe unaingia kweli. Ujumbe ameuandika yeye mwenyewe. Ukirudisha, unarudisha franga zako. Angalia kwanza hesabu yako kwa njia yako ya kawaida. Hata kama zimeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni yake, nayo itazirudisha.

3. Anaomba tarakimu 6 zilizokuja kwenye telefone yako. Zile ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Akizipata, atawaandikia ndugu zako wote kwa jina lako: “Niko lupitalo, nitumie kidogo.”

4. Anachukua nimero yako yenyewe. Anakwenda na karatasi za uongo, anapewa kadi mpya ya SIM yenye nimero yako. Alama yake ni hii: telefone yako inapoteza mtandao kwa muda mrefu, na telefone za jirani zinao.

5. Anasaidia. Mzee au mama asiyesoma anamwomba kijana njiani amfanyie kazi ya telefone, tena anamtajia kode kwa sauti mbele ya watu. Wazazi hawa tuwasaidie sisi wenyewe nyumbani, na kwa heshima. Tuwafundishe kubonyeza kode kwa kidole chao.

MASHAURI KWA NYUMBA YOTE

1. Kode ya franga ni ya mtu mmoja. Usiitaje kwa sauti, usiiandike nyuma ya telefone. Usichague 0000, 1234 wala mwaka wako wa kuzaliwa.

2. Weka kufuli kwenye kioo cha telefone. Telefone iliyoibwa ikiwa imefungwa ni hasara moja. Iliyoibwa ikiwa wazi ni hasara kumi.

3. Katika WhatsApp, washa kode ya pili, ile ya hatua mbili. Hapo tarakimu 6 peke yake hazimtoshi mwizi.

4. Chukua programu kwenye duka la haki la telefone tu. Tochi inayotaka kusoma barua zako si tochi.

5. Fanya nakala ya mambo ya thamani: picha, masomo ya watoto, maandishi ya ofisi. Iweke mbali na kompyuta. Hospitali zenye nakala nzuri ziliweza kurudi kazini bila kumlipa mwizi.

6. Mtu akikuharakisha, simama. Neno “sasa hivi” ni silaha yake. Kata telefone, uliza mtu mwingine, kisha piga wewe mwenyewe kwenye nimero ya kampuni unayoijua.

KAMA UMEKWISHA KUIBIWA

Usikae kimya kwa haya. Wanaoibiwa si wajinga. Kati yao mna walimu, waganga na wakubwa wa ofisi. Mwizi anaishi kwa haya yetu, maana aliyeibiwa akinyamaza, jirani anaibiwa kwa njia ile ile juma linalofuata.

Piga mara moja kwa kampuni ya telefone na kwa benki, uombe wafunge hesabu. Mtandao ukipotea bila sababu, nenda kwenye ofisi yao na karte yako ya uchaguzi. Waambie ndugu wasitume kitu. Hifadhi ujumbe na nimero ya mwizi, usifute, ukapeleke mashitaka polisi. Nchi yetu ina sheria juu ya mambo haya: Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu makosa yanayofanywa kwa kompyuta na telefone.

Kisha, ndugu mfanyakazi, kabla ya kushuka kazini siku ile, mwambie mkubwa wako ya kuwa umepatwa na shida na hukulala. Si aibu. Franga zinatafutwa tena kwa kazi ya mikono. Mkono uliokatwa na masini hautafutwi tena.

Na nyinyi vijana wenye kupenda kompyuta, bishaneni, maana ubishi unafundisha. Lakini jioni ya leo, kabla ya kuanza bishano la tano, chukueni telefone ya mama, mtazame kama ina kufuli.